Kihariri chepesi au IDE nzito: unataka kompyuta ielewe kiasi gani?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinitumia ujumbe: "Kaka, naanza kujifunza kuprogramu. Nipakue Android Studio au Notepad++ inatosha?" Nikamuuliza laptopu yake ina RAM kiasi gani. "GB 4." Nikamuuliza anataka kutengeneza nini. Akakaa kimya siku mbili, kisha akajibu: "Apu ya kikoba cha mama."

Ningeweza kumjibu kwa neno moja, lakini kesho angeniuliza tena kuhusu PyCharm, na keshokutwa kuhusu kitu kingine alichokiona YouTube. Kwa hiyo nilimweleza tofauti ya kihariri na IDE iko wapi. Haya hapa ni maelezo yale yale, yamerefuka kidogo. (Wenzangu wengi husema "kuandika kodi". Mimi nasema msimbo. Kodi nawaachia TRA na mwenye nyumba.)

Herufi na maana

Kihariri kinaona herufi. Unafungua faili, unaandika, unahifadhi, basi. Humu wamo Notepad++, Sublime Text, nano na Vim. IDE (Integrated Development Environment, yaani mazingira kamili ya kuandikia programu) inajaribu kuelewa maana ya ulichoandika: hiki ni kitendaji (function, kipande cha msimbo chenye jina), hiki ni kigeu (variable, jina linalobeba thamani), huyu anamwita yule, na hapa umeita kitu ambacho hakipo. Pia imekusanya mahali pamoja vifaa vya kutafsiri msimbo, kuuendesha na kuusaka makosa. Humu wamo Android Studio, IntelliJ IDEA, PyCharm, Eclipse, NetBeans na Visual Studio.

Rangi zisikudanganye. Notepad++ ikipaka neno `if` rangi ya bluu, haijaelewa chochote. Inazo kanuni na orodha ya maneno ya lugha hiyo, inapaka yanayofanana nayo. Ukiandika jina la kitendaji ambacho hukuwahi kukitunga, italipokea kwa utulivu uleule.

Tuchukue kazi moja, tuifanye kote kuwili. Umeandika programu ya kikoba yenye faili 12. Ndani yake kuna kitendaji kinachoitwa `hesabu`, na sasa unaona jina hilo halielezi kitu. Unataka liwe `hesabu_riba`. Kwenye kihariri utatumia tafuta-na-badilisha. Mara kigeu chako `hesabu_zote` kimegeuka `hesabu_riba_zote`. Unarudisha, unaweka alama kwenye kisanduku cha kutafuta neno zima, unajaribu tena. Safari hii vigeu vimepona, lakini ujumbe unaomtokea mwanachama, "Tafadhali kagua hesabu zako", sasa unasomeka "Tafadhali kagua hesabu_riba zako". Mama mweka hazina atakuuliza hicho ni Kiswahili cha wapi.

Kwenye PyCharm unaweka kishale juu ya jina, unabonyeza Shift na F6, unaandika jina jipya. Inabadilisha kitendaji na kila mahali kinapoitwa katika faili zote 12, na sentensi ya mwanachama inaweza kuachwa ilivyo, kwa kuwa IDE inajua kwamba "hesabu" ile ni neno tu ndani ya matini. Niseme pia kwamba uelewa huo haulingani kwa lugha zote. Kwenye Java au Kotlin, ambako kila kitu kina aina yake (namba, matini na kadhalika) inayojulikana kabla programu haijaanza, IDE karibu haikosei. Kwenye Python mara nyingine inabahatisha, maana lugha yenyewe haimlazimishi mtu kutangaza aina ya kitu. Ndiyo maana utawakuta watu wa Python wanaoishi vizuri kabisa na kihariri, ilhali mtu wa Java asiye na IDE humwoni mara nyingi, na ukimwona huwa na sababu ndefu za kukueleza.

Kosa la shilingi 1,116

Kusaka makosa ndiko kunakotenganisha zana hizi kuliko kitu kingine chochote. Tazama mistari hii, inayokokotoa akiba ya sh. 100,000 inayokua kwa asilimia 1 kila mwezi, kwa miezi 12:

```
akiba = 100000
for mwezi in range(1, 12):
    akiba = akiba * 1.01
print(akiba)
```

Programu inaendeshwa bila malalamiko yoyote na kukupa takribani 111,567. Jibu sahihi ni 112,683. Tofauti ni sh. 1,116, ndogo kiasi kwamba hakuna atakayeishtukia mpaka siku ya kuvunja kikoba, wanachama 30 wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na daftari lake.

Kosa ni kwamba `range(1, 12)` inaishia 11. Mwezi wa kumi na mbili haukuhesabiwa. Kwenye IDE unabofya ukingoni mwa mstari wa tatu, kinatokea kitone chekundu, unaendesha programu kwa hali ya kusaka makosa. Programu inasimama hapo. Pembeni unaona `mwezi` ni 1, `akiba` ni 100000. Unasogea hatua moja, unaona 2, kisha 3, na kuendelea, mpaka 11, halafu kitanzi (loop, sehemu inayojirudia) kinaisha. Hapo umeshaona tatizo kwa macho yako.

Aliye na kihariri tu angeongeza `print(mwezi, akiba)` ndani ya kitanzi na kuona mistari 11 badala ya 12. Kwa programu ya mistari minne, njia hiyo inatosha na ni ya haraka zaidi. Tena Python yenyewe, tangu toleo 3.7 la mwaka 2018, ina amri `breakpoint()` unayoiweka kwenye msimbo, nayo programu inasimama kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) bila IDE yoyote. Uzito wa IDE unaanza kulipa pale thamani mbovu inapokuwa imepita vitendaji vinane na maktaba mbili (misimbo iliyotungwa tayari) za watu wengine kabla ya kufika machoni pako. Hapo `print` zinageuka kama kutafuta pete iliyodondoka sokoni kwa kumuuliza kila mpita njia.

Kwa anayeanza kabisa, kuna kitu katikati ambacho wengi hawakijui: Thonny, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanafunzi. Inakuja na Python yake ndani, kwa hiyo unapakua kitu kimoja tu. Inaonyesha hatua kwa hatua jinsi kila sehemu ya mstari inavyokokotolewa, na ni nyepesi. Kijana wangu nilimwanzishia hapo.

Bei yake hailipwi kwa pesa tu

IDE hazikuzaliwa nzito. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ilianza kuuza Turbo Pascal kwa dola 49.95. Ndani yake kulikuwa na mahali pa kuandikia na kitafsiri kilichoandikwa na Anders Hejlsberg. Ukikosea, kazi inasimama na kishale kinakupeleka penye kosa. Matoleo ya mwanzo yalikuwa chini ya KB 40. Picha moja ya wasifu wako wa WhatsApp inaweza kuizidi.

Leo Android Studio, iliyotangazwa na Google mwaka 2013 na kujengwa juu ya IntelliJ ya JetBrains, inataka RAM ya GB 8 kwa uchache, na GB 16 kama utaendesha humo humo simu ya kuigiza (emulator). Kuipakua tu ni zaidi ya GB 1, na hapo hujaongeza vifaa vya Android vyenyewe. Halafu unafungua mradi wa kwanza, Gradle, chombo chake cha kuunganisha apu, kinaanza kuteremsha maktaba. Mtu aliyenunua bando la siku akiamini litamfikisha jioni, saa tano asubuhi anasoma ujumbe wa mtandao wake kwamba limekwisha.

Kuna njia za kupunguza makali. Achana na simu ya kuigiza. Chomeka simu yako halisi kwa waya wa USB, washa hali ya msanidi na USB debugging kwenye mipangilio, apu itafunguka humo. Hilo peke yake linaokoa GB kadhaa za RAM. Pakua kila kitu siku moja mahali penye Wi-Fi, kisha washa hali ya nje ya mtandao kwenye Gradle ili isiulize intaneti kila mara. Na ukipata hela ya kurekebisha laptopu ya zamani inayotumia diski ya kuzunguka, anza na SSD (diski isiyozunguka). IDE inapofungua mradi husoma faili zote ili kujitengenezea faharasa, na diski ya kuzunguka hapo ndipo inapokufanya uende kunywa chai, urudi, uikute bado inasoma.

Vihariri havina mambo hayo. Notepad++ inafunguka kabla hujaondoa kidole kwenye kipanya, umeme ukikatika na kurudi unaendelea, na haikuombi intaneti. Ni ya bure, ingawa ni ya Windows tu. Sublime Text inauzwa dola 99, lakini unaweza kuijaribu bila ukomo wa muda. Itakukumbusha kununua mara kwa mara kwa adabu. Usiandikie msimbo kwenye Microsoft Word, tafadhali. Inageuza alama za kunukuu kuwa zile zilizopinda, na kompyuta haizitambui.

Kwa upande wa IDE, bei si kikwazo kama watu wanavyodhani. Android Studio, Eclipse na NetBeans ni za bure, Visual Studio ina toleo la Community lisilolipiwa kwa mtu binafsi, na JetBrains inawapa wanafunzi leseni bila malipo wakithibitisha kwamba wanasoma. Kwa hiyo anayekuuzia kwenye flashi toleo "lililovunjwa" anakuuzia virusi na hasara.

Vim, mtandao mzito, na mji mdogo wa kusini mwa Uganda

Kuna siku utaingia kwenye seva (kompyuta ya mbali inayohifadhi tovuti au programu yako) iliyo Ulaya au Marekani kubadilisha mstari mmoja. Huko hakuna dirisha wala kipanya, kuna maandishi meupe juu ya weusi. IDE yako haipo. Kilichopo karibu kila mara ni vi au mdogo wake Vim, na aghalabu nano.

Nano ni rahisi: amri zake zimeandikwa chini ya kioo, Ctrl+O kuhifadhi, Ctrl+X kutoka. Vim inahitaji mafunzo, kwa sababu herufi ulizozoea kuandikia zinageuka amri. `dd` inafuta mstari, `3dd` inafuta mitatu. Bill Joy alipoandika vi mwaka 1976 huko Berkeley, alikuwa akitumia modemu ya baud 300, yaani kama herufi 30 kwa sekunde. Kila herufi iliyosafiri ilikuwa na gharama, ndiyo maana amri ni fupi hivyo. Hata vitufe vya `h`, `j`, `k` na `l` vinavyosogeza kishale vilitokana na terminali ya ADM-3A aliyoitumia, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya herufi hizo. Mtu aliyewahi kuhariri faili la seva huku mtandao wa simu unapanda na kushuka anaelewa mara moja kwamba Joy alikuwa na shida kama yake.

Vim yenyewe ilitolewa na Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. Miaka mitatu baadaye alikwenda kujitolea Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda upande wa Rakai, si mbali na mpaka wa Tanzania, akishughulikia maji na usafi katika kituo cha watoto. Eneo hilo lilikuwa limeumizwa vibaya na UKIMWI. Watoto wengi walibaki bila wazazi. Aliporudi hakuanza kuiuza programu yake. Aliiacha bure, akaomba tu kwamba anayeipenda awachangie watoto hao kupitia shirika la ICCF Holland. Kwa hiyo ukurasa wa kukaribisha wa Vim, kwenye kompyuta za wataalamu duniani kote, umekuwa ukitaja watoto wa Uganda kwa miongo. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na Vim inaendelezwa na wengine.

Je, ujifunze Vim? Kiasi cha kufungua, kubadilisha, kuhifadhi na kutoka, ndiyo, kila anayegusa seva anahitaji. Kuifanya nyumba yako ya kila siku ni suala la hulka. Wapo walioijaza viongezo mpaka ikawa IDE, nao wanaona fahari. Mimi nilijaribu mwezi mzima nikagundua nahariri mipangilio ya Vim kuliko programu niliyolipwa kuiandika.

Na VS Code je?

Hapa ndipo mpaka unapofutika. Visual Studio Code ilitoka Microsoft mwaka 2015, na isichanganywe na Visual Studio, ambayo ni IDE kubwa ya zamani; waliotoa majina hawakutuhurumia. Wenyewe wanaiita kihariri. Nyaraka zake zinasema inapakuliwa kwa chini ya MB 200 na RAM ya GB 1 inatosha kuanzia. Ni kweli, ikiwa tupu.

Lakini mwaka 2016 Microsoft, pamoja na Red Hat na Codenvy, walitangaza itifaki inayoruhusu uelewa wa lugha utenganishwe na mahali pa kuandikia. Programu moja nyuma ya pazia inasoma msimbo na kuuelewa. Kihariri chochote kinaiuliza: jina hili limetungwa wapi, hapa kuna kosa gani. Kwa itifaki hiyo VS Code, Sublime, Neovim na hata Emacs zinapata sehemu kubwa ya akili ya IDE. Ule mfano wa kubadilisha `hesabu`, kwenye VS Code yenye kiongezo cha Python, unafanyika kwa kitufe cha F2.

Uelewa huo haukuja bure, umebadilisha mlango tu. Kiongezo maarufu cha Java cha VS Code, kile cha Red Hat, kinaendeshwa na injini ya Eclipse kwa ndani. Kwa hiyo aliyeikimbia Eclipse kwa sababu ya uzito, ameifungia mlango ikaingia dirishani. Weka viongezo 20 vya kila rangi, uone kama GB 4 zako zitakusalimia. Ninachofanya mimi ni kuwa na kiongezo kimoja kwa lugha ninayoitumia wiki hiyo, vingine nimevizima. Wasaidizi wa akili bandia kama GitHub Copilot nao wapo pande zote mbili, kwa hiyo wasikusukume kuchagua upande. Kumbuka tu kwamba wanataka intaneti muda wote.

Walimu wanaokataza IDE

Kuna walimu wanaowalazimisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuandika Java kwenye kihariri kitupu, wakidai IDE inawalemaza. Nakubaliana nao nusu. Nimewahi kukaa na mhitimu aliyejua kubonyeza pembetatu ya kijani ya NetBeans na hakujua faili lake limehifadhiwa wapi, wala kwamba `javac`, kitafsiri cha Java, ni kitu kinachoweza kuitwa kwenye terminali. Kitufe kilipogoma, hakuwa na pa kuanzia. Wiki mbili au tatu za kuandika, kutafsiri na kuendesha kwa mkono zingemwondolea hilo.

Nusu nyingine sikubali. Kumwacha mtoto wa watu saa mbili akitafuta nukta mkato iliyosahaulika kwenye mstari wa 47, jambo ambalo IDE ingelipigia mstari mwekundu papo hapo, hakumfundishi kufikiri. Kunamfundisha kuichukia kazi.

Mimi ningechagua hivi

Apu ya Android kwa Kotlin au Java: Android Studio, na kama mashine haifiki GB 8, usijitese, tafuta njia nyingine ya kufikia lengo hilohilo. Java ya ofisini au C#: IDE, bila mjadala. Apu ya iPhone: Xcode, nayo inataka Mac, kwa hiyo mazungumzo ni ya mfuko kabla ya kuwa ya zana. Tovuti za HTML, CSS na JavaScript: VS Code, na Notepad++ kama laptopu imechoka. Python ya kujifunzia: Thonny, ikikua, VS Code, ikiwa mradi mkubwa wenye watu kadhaa, PyCharm. Faili za mipangilio ya seva: nano leo, Vim ukishaizoea. Asiye na kompyuta kabisa anaweza kuweka Termux kwenye simu ya Android na kuendesha Python humo, ingawa kidole gumba kitalalamika.

Ila usichague moja ukaifunga ndoa. Wengi wetu tunaoishi kwa kazi hii tuna IDE kwa mradi mkuu na kihariri kidogo kwa kufungua faili la haraka, kama fundi cherehani mwenye mashine na bado ana sindano ya mkono kwenye kola.

Kijana wangu mwishowe hakupakua Android Studio. Nilimshauri kikoba cha mama akitengeneze kama ukurasa wa wavuti unaofunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote, maana wanachama wenyewe wana simu za kila aina. Hesabu alizijaribia kwenye Thonny, kurasa anaziandikia kwenye VS Code yenye viongezo viwili, na laptopu yake ya GB 4 haijavumisha feni kwa hasira. Juzi akaingia kwenye seva kwa mara ya kwanza. Saa nne usiku simu ikalia.

"Kaka samahani kwa usiku. Nimeingia kitu kinaitwa Vim. Natokaje?"

Nikamwambia asione aibu; mwaka 2017 Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, walitangaza kwamba swali hilohilo lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Abonyeze Esc, aandike `:q!`, apige Enter. Lakini kabla hajatoka aandike kwanza `:help uganda`, asome.